Fidia ya Kidole na Gharama ya Homa

Anayesafiri leo kwa njia ya lami kutoka mji wa Embu, akauvuka mto Thuchi ulio mpaka wa nchi ya Waembu na nchi ya Wameru, akapita Chuka na njia panda ya Chogoria huku Mlima Kenya ukimtazama kutoka upande wa kushoto, na mwisho akafika Nkubu na Meru mjini, atakutana katika kila mji na wakala wa bima mwenye kuahidi fedha taslimu kwa mtu atakayevunjika mguu barabarani, na fedha nyingine kwa yule atakayeambiwa na daktari kwamba ana saratani, au kwamba figo zake zimekoma kufanya kazi. Na msafiri huyo, kama si mwenyeji, atadhani kwamba jambo hili lote limeletwa juzi na watu wa mjini wenye tai na mikoba. Dhana hiyo ina ukweli wa nusu tu. Kukadiria thamani ya kiungo kilichopotea ni elimu ya kale mno katika miteremko hii, iliyokuwako kabla ya karatasi na kalamu. Kukadiria thamani ya ugonjwa ndiko kugeni, na katika tofauti hiyo, kwa maoni yangu, imo sababu iliyofanya sheria za ajali zieleweke upesi na bima ya maradhi ijikokote mpaka leo.

Kabla ya Waingereza kujenga boma lao Embu katika mwaka 1906, na Meru katika mwaka 1908, hukumu zilikuwa mikononi mwa wazee, na kwa Wameru baraza lililokuwa juu ya mabaraza yote lilikuwa Njuri Ncheke, ambalo makao yake yapo Nchiru hata sasa. Wazee hao hawakuwa na jela wala hawakuihitaji, kwa kuwa shabaha ya hukumu yao ilikuwa kumrudishia aliyedhurika kitu badala ya kitu, na kitu hicho kilikuwa mnyama wa kufugwa. Aliyeua mtu, awe ameua kwa ghadhabu au kwa bahati mbaya, ukoo wake, ambao kwa Kimeru huitwa mwiriga, ulilazimika kukusanya mifugo na kuipeleka kwa ukoo wa marehemu; na miongoni mwa makabila ya mlima huu na jirani zao Wakamba, jicho lilikuwa na kadiri yake, jino lake, na kidole chake, nazo kadiri hizo zilihifadhiwa katika vifua vya wazee na kutajwa mbele ya watu siku ya shauri. Nia ya mkosaji haikupimwa sana kama ipimwavyo katika mahakama za leo. Mshale uliokusudiwa swala ukampata mtu ulilipiwa, na panga lililoteleza wakati wa kufyeka shamba la pamoja lililipiwa vilevile, maana wazee walihesabu dhara lililotokea, si fikira iliyolitangulia.

Msomaji wa pwani hataliona jambo hili kuwa la ajabu, kwani fiqhi aliyosomeshwa chuoni utotoni ina mizani iliyo karibu sana na hiyo: diya kamili ya nafsi ni ngamia 100, jicho moja au mkono mmoja ni nusu yake, kila kidole ni ngamia 10, na diya ya kosa lisilokusudiwa huwalemea jamaa wa mkosaji kwa upande wa kuumeni badala ya kumlemea yeye peke yake. Watu wa mlima na watu wa bandari, ambao zamani walijuana kupitia misafara ya pembe tu, walifikia kila mmoja kwa njia yake kanuni moja, kwamba dhara la ghafula lina bei, na kwamba bei hiyo hulipwa na wengi. Ndiyo kanuni ambayo kampuni za London ziliifanya biashara katika mwaka 1849, ilipoanzishwa kampuni ya kuwakatia bima abiria wa reli, ambao kwa peni chache juu ya nauli waliahidiwa malipo kama gari la moshi lingewaua au kuwalemaza.

Lakini mizani ya wazee ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: ilihitaji mkosaji. Katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka, ambako asali ilikuwa mali, mahari, na kinywaji cha sherehe, mwanamume alipanda mti mrefu akiwa na kamba na mzinga wa gogo lililochongwa, akautundika katika tawi lililo mbali na shina, na usiku akarejea na mwenge wa moshi kutoa masega. Na yule aliyeanguka kutoka juu ya mti huo akavunjika mgongo, hakuwa na ukoo wa mtu mwingine wa kuudai hata mbuzi mmoja. Ajali isiyo na mkosaji ilihamishwa upande wa pili wa hesabu, ikakaa pamoja na homa, kuhara damu, na uzazi mgumu, katika mambo yasiyokuwa na bei.

Huko hapakuwa na kadiri, palikuwa na wajibu. Mganga, mugaa kwa Wameru na mundu mugo kwa Waembu, alipewa mbuzi wake na pombe yake. Shamba la mgonjwa lililimwa na jamaa na marika ili msimu wa mvua usimpite. Wanawake walipeleka uji na kuni na kuwatazama watoto. Na kama maradhi yalikawia, mifugo iliyokuwa imewekwa kwa rafiki wa nchi nyingine ilianza kurudishwa mmoja mmoja. Desturi hii ya kuweka mifugo mbali ilikuwa hekima kubwa. Mtu wa juu, penye baridi na ndizi, alikuwa na wanyama wake kwa mtu wa chini, penye joto na mtama, na yule wa chini alikuwa na wake juu, ili tauni ya mifugo au ukame ukipiga upande mmoja usimwache mtu yeyote mikono mitupu. Mtaalamu wa bima wa leo angesema kwamba watu hawa walikuwa wakitawanya hatari, nao wangemsikiliza kwa adabu na kumwuliza mbuzi wake mwenyewe wako wapi.

Juu ya hayo yote Wameru walikuwa na gichiaro, udugu wa kiapo baina ya koo na koo, ambao sijui mkataba wa kampuni yoyote unaoweza kulingana nao kwa nguvu. Mtu wa gichiaro hakudanganywa, hakuozwa binti wa udugu ule, na, lililo muhimu kwa habari yetu, hakunyimwa alichoomba. Mgeni aliyefika na shida katika nyumba ya ndugu yake wa gichiaro hakuulizwa ameugua tangu lini, wala kama ugonjwa wake umo katika orodha; alipewa, na aliyempa alijua kwamba siku moja naye atakwenda kuomba vivyo hivyo, na kwamba laana ya kunyima ni kubwa kuliko hasara ya kutoa. Kinga hii ilikuwa imara maadamu msiba uliingia nyumba moja na kuzisaza nyingine. Katika mwaka 1918 na 1919, homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia ilipofika katika miteremko hii pamoja na njaa, na wapagazi waliosalimika katika vita vya Wajerumani na Waingereza wakawa wanarudi wakiwa wamedhoofika, mwombaji na mwombwa walilala kitandani siku moja, wala udugu haukuwa na kitu cha kugawa.

Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imekuja kwa ajili ya kodi na kazi, iliandika mengi juu ya desturi hizi, na wawili kati ya waandishi wake wanastahili kutajwa hapa. Wa kwanza ni Meja Granville St John Orde-Browne, aliyetumikia miteremko ya mashariki ya mlima, katika Embu na Chuka, kisha akachapisha katika mwaka 1925 kitabu The Vanishing Tribes of Kenya juu ya watu aliowatawala. Makabila aliyoyaita yenye kutoweka hayakutoweka. Yapo, yanalima chai. Yeye mwenyewe alihamia Tanganyika akawa Kamishna wa Kazi wa kwanza huko katika mwaka 1926, na tangu mwaka 1938 akawa mshauri wa mambo ya kazi wa Waziri wa Makoloni mjini London, katika miaka ileile ambayo makoloni yalikuwa yakitungiwa sheria za kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini. Wa pili ni H. E. Lambert, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya (DC) wa Meru katika miaka ya 1930 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1940, mtu aliyejitahidi kuliko wenziwe kuirejeshea Njuri Ncheke heshima yake mbele ya serikali. Ni Lambert huyo huyo ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake juu ya Kivumba, Kijomvu na Kichifundi, na ni vigumu kwangu kutofurahi kwamba aliyesikiliza kwa subira mashauri ya mbuzi na ng'ombe huko Meru ndiye aliyekwenda baadaye Vanga na Jomvu kusikiliza lafudhi za wavuvi.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilifika Kenya katika miaka ya 1940, ikiwa mjukuu wa ile ya Uingereza ya mwaka 1897, na pamoja nayo sheria iliyomlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu atakaowadhuru. Vijana wa Embu na Meru waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi, na katika machimbo na karakana za Nairobi, waliikuta katika karatasi za serikali mizani ambayo babu zao wangeifahamu pasipo mkalimani: kila kiungo na sehemu yake katika mia, mikono yote miwili ikihesabiwa kuwa ni mtu mzima, kidole kikihesabiwa kidogo, na malipo yakitolewa bila ya kubishana sana juu ya kosa lilikuwa la nani. Mizani hiyo imerithiwa na sheria ya mwaka 2007 inayotumika sasa, ambayo kwa mtu aliyekufa au aliyelemaa kabisa kazini huagiza malipo ya mshahara wa miezi 96. Kilichobadilika ni mpokeaji. Fidia ya wazee iliingia katika ukoo, na katika kifo ilitumika aghalabu kumwoa mwanamke atakayelizalia jina la marehemu. Fidia ya serikali ilikwenda kwa mjane na watoto walioandikwa, na mizozo ya mashemeji iliyozaliwa na badiliko hilo haijamalizika mpaka hivi leo katika mahakama za mlimani.

Kwa upande wa maradhi mambo yalikwenda kwa njia nyingine, njia ya misheni. Dakta Archibald Irvine wa kanisa la Uskochi alifika Chogoria katika mwaka 1922, akisaidiwa kwa mali na mfanyabiashara Ernest Carr, akaanzisha hospitali ambayo jina lake limekuwa jina la mji. Wamethodisti walifungua yao Maua, katika milima ya Nyambene, mwaka 1928. Na Wakatoliki wa shirika la Consolata wakajenga za Nkubu kwa Wameru na Kyeni kwa Waembu. Hospitali hizi zilileta kitu ambacho mganga hakukijua, nacho ni ankara. Kwa bahati njema zilifika karibu wakati mmoja na fedha za kuilipa, kwa maana Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930, na vyama vya ushirika vilivyochipuka katika zao hilo vilikuja kuwa, bila ya kukusudiwa, mlango ambao bima yote ya baadaye iliingilia.

Baada ya uhuru serikali ilitangaza katika mwaka 1965 kwamba matibabu katika hospitali zake yangekuwa bure, na mwaka uliofuata ikaunda Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana kwa herufi zake NHIF, kwa ajili ya wenye mshahara wa shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi, ambao walikatwa shilingi 20. Mkulima wa Runyenjes au wa Tigania hakuwa na mshahara, naye alifunguliwa mlango wa hiari katika mwaka 1972, ambao wachache waliuingia, kwa sababu si desturi ya mwenye akili kununua kinachotolewa bure jirani. Ubure huo ulikoma Desemba 1989, ada za hospitali za serikali ziliporudishwa. Ziliondolewa kwa sehemu mwaka uliofuata baada ya malalamiko, na zikarejea tena. Hapo ndipo harambee, neno ambalo taifa lilikuwa limezoea kulisikia katika ujenzi wa shule na mabwawa, lilipohamia wodini. Kadi za mchango wa hospitali zilizungushwa makanisani na katika vituo vya kuuzia majani ya chai, mwenyekiti akaketi mezani na daftari la nguzo tatu, jina, ahadi, na fedha mkononi, na nguzo ya ahadi ikawa daima ndefu kuliko ya fedha.

Ni katika hali hiyo ndipo hospitali ya Chogoria ilipojaribu jambo ambalo wachunguzi wa afya wa Afrika Mashariki wamelizungumza sana kuliko wenyeji wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hospitali hiyo, ikishirikiana na kampuni ya Apollo iliyobeba dhamana, iliwauzia watu wa jirani bima ya kulazwa: jamaa hulipa ada kwa mwaka, na akiugua mmoja wao, hospitali hudai kwa kampuni. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Hospitali ilikuwa inaaminiwa tangu enzi za Irvine, wakulima walikuwa na mapato ya chai na kahawa, na vyama vyao vilikuwa na orodha za majina. Hata hivyo mpango haukukua kama waanzilishi wake walivyotarajia, na sababu iliyotajwa zaidi ni ileile inayoisumbua bima ya maradhi duniani kote: wepesi wa kujiandikisha walikuwa wale waliokwisha kuanza kukohoa, na mzima aliyelipa mwaka mzima asilazwe hata usiku mmoja alihesabu kwamba ameibiwa.

Mimi siwalaumu. Mtu aliyelelewa katika gichiaro alijua kwamba alichotoa kimekaa kwa mtu fulani mwenye jina na boma, ambaye atamwona sokoni Jumatano na kujua kwamba anadaiwa. Ada ya bima ilikwenda mahali asipopajua, kwa watu wasiomjua, na mwisho wa mwaka ilizimika pasipo kuacha deni la mtu yeyote. Ajali haikuwa na shaka hiyo, kwa sababu tangu zamani aliyelipia kidole hakutazamia kurudishiwa mbuzi.

Waliofuata walijifunza kuvichanganya viwili hivyo, ajali na maradhi. Kampuni ya bima ya vyama vya ushirika, CIC, iliyoanza katika mwaka 1968 kama idara ndani ya shirikisho la vyama hivyo na kupata leseni yake katika mwaka 1978, ilikubaliana na NHIF kiasi cha miaka 20 hivi iliyopita kuuza kitu kimoja kilichoitwa Bima ya Jamii, ambamo gharama za kulazwa zilibebwa na hazina ya serikali, na kampuni ikaongeza juu yake malipo ya kifo au ulemavu kwa ajali, pamoja na fedha za mazishi. Ada ya jamaa nzima haikuzidi sana shilingi 10 kwa siku ukiigawa mwaka mzima, na sehemu yake kubwa ilikuwa zile 160 za kila mwezi ambazo mwanachama wa hiari wa NHIF alilipa siku hizo. Iliuzwa kupitia vyama vya akiba na mikopo, ambavyo havikosi mji wowote wa mlimani. Wakulima wa chai nao, wale wa viwanda vya Imenti, Githongo na Michimikuru upande wa Meru, na Mungania na Rukuriri upande wa Embu, walikuwa na wakala wao wenyewe, Majani, tawi la shirika la chai la KTDA, na njia ya malipo isiyohitaji mtu kufungua kibeti: hukatwa katika chai yenyewe kabla ya fedha kumfikia mwenyewe.

Ile bima nyingine ya wakala wa barabarani, ya maradhi mahututi, ina baba anayejulikana, tena Mwafrika wa kusini. Dakta Marius Barnard, aliyekuwa katika kundi la madaktari waliofanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mjini Cape Town mnamo Desemba 1967 chini ya ndugu yake Christiaan, aliona baada ya miaka mingi ya upasuaji kwamba aliowaponya walirudi makwao wakiwa hai lakini wakiwa wamefilisika, na bima ya maisha waliyokuwa nayo ilikuwa haiwafai kwa sababu hawakufa. Akaishawishi kampuni moja ya nchi yake, na katika mwaka 1983 ikauzwa sera ya kwanza iliyotaja maradhi manne, yaani mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani, na upasuaji wa mishipa ya moyo, ambayo mtu akithibitishwa kuwa na mojawapo hupewa fedha zote kwa mara moja, azitumie apendavyo, awe na ankara au asiwe nayo. Fikira hiyo imeenea katika mabara yote, na orodha imerefuka.

Ukiitazama kwa jicho la wazee wa Nchiru utaona alichokifanya Barnard: aliyapa maradhi bei, kama vile mababu walivyolipa jicho bei, na akamwondoa mkosaji asiyepatikana. Mwenye saratani katika kijiji cha Igoji, ambaye matibabu yake ya mionzi yalimlazimu kwa miaka mingi kwenda Nairobi na kulala huko majuma kadhaa, aliteketeza fedha zake katika nauli, chumba cha kupanga, chakula cha anayemwuguza, na mishahara ya vibarua waliobaki kuchuma chai yake. Hayo ni mambo ambayo bima ya hospitali haiyatambui, na ambayo fedha taslimu huyakidhi. Lakini ni lazima isemwe pia kwamba orodha ni kitu kikali. Sera huweka muda wa kungoja baada ya kujiandikisha, mara nyingi siku 90, na muda wa kusalimika baada ya kuthibitishwa, kati ya siku 14 na 30, na huifasili saratani kwa maneno yanayoweza kuiacha nje ile iliyogunduliwa mapema, ambayo ndiyo yenye kutibika. Kadhalika mtu hulipwa kwa kiharusi kilichoacha alama baada ya kipindi kilichotajwa, wala si kwa hofu aliyoipata usiku ule. Wazee walizitaja kadiri zao hadharani, kwa sauti, mbele ya pande zote mbili. Kadiri za siku hizi zimeandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, katika ukurasa ambao wakala hana haraka ya kuufungua.

Barabara, kwa upande wake, haijaacha mtu asahau ajali. Katika daraja la mto Nithi, ambako njia huteremka kwa ghafula na kupinda kabla ya kuvuka bonde, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia tarehe 24 Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa, nalo halikuwa la kwanza kuanguka pale. Halafu kuna miraa. Katika vilima vya Nyambene mvulana hupanda peku juu ya mti wa mbaine, ambao huenda ulipandwa na babu wa babu yake, akikanyaga tawi lisilo nene kuliko kifundo cha mguu wake, akachagua vichipukizi vyekundu na kuvikata kwa kucha. Aliye chini huvifunga katika vifungu viitwavyo shurba, akazifunika kwa jani la mgomba lisilokauka, na kabla ya adhuhuri pikapu liwe limeondoka Maua kwa mbio ambazo wote wa njia nzima wamejifunza kuzikimbia, kwa sababu miraa ya jana si bidhaa. Uingereza ilipolipiga marufuku jani hilo katika mwaka 2014 mbio zile zilipungukiwa na soko moja, wala hazikupungua mwendo. Mchumaji huyu hulipwa jioni kwa alichokichuma mchana, na akianguka yumo katika hali ya yule mrina asali wa Tharaka: hana mkosaji wa kumdai, na aghalabu hana mwajiri ambaye jina lake linaweza kuandikwa katika karatasi ya fidia.

Sheria mpya ya bima ya afya ya jamii, iliyotiwa sahihi Oktoba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya NHIF, imeunda mifuko mitatu, na mmoja wao umetengwa kwa ajili ya dharura, maradhi ya kudumu, na maradhi mahututi, hata yale aliyokuwa akiyauza wakala peke yake yameingia katika kauli ya serikali. Mwenye mshahara hukatwa 2.75 katika kila 100, na asiye na mshahara hupimiwa uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, nazo hutakiwa zilipwe za mwaka mzima kwa pamoja, shilingi 3,600, kiasi ambacho kinakaribiana sana na kile cha Bima ya Jamii. Kwa mkulima wa Rukuriri hilo halina taabu kubwa, kwa sababu bonasi ya chai hutolewa mwezi wa Oktoba na makato yakifuata hapo hapo hayaonekani sana. Mchumaji wa miraa hana Oktoba. Ana jioni tu, na mpango wa mkopo uliobuniwa baadaye, wa kumwezesha kulipa ada hiyo polepole, unamtaka kwanza awe amesajiliwa, amepimwa uwezo, na ana simu isiyo na deni.